Riwaya ya Kwanza Ikikugomea, Nenda Kaulize

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kuandika ni hili: msukumo unautoa wapi? Mimi ni muuguzi, nafanya kazi ya zamu hapa Muheza mkoani Tanga, na riwaya yangu ya kwanza nimeiandika kati ya zamu na zamu. Msukumo naupata kwa kujua mambo. Ukikaa na peni mkononi kichwa kikawa cheupe, usikimbilie kusema huna kipaji. Mara nyingi kuna jambo kuhusu watu wako wa hadithini hulijui: wanakula nini, wanalala wapi, nani anamdai nani. Funga daftari, toka ukaulize. Utarudi na maneno.

Kwanza chagua habari inayokunyima raha. Wengi hushauriwa waandike wanachokijua. Mimi nashauri uandike unachokijua nusu, na ile nusu nyingine iwe inakuwasha. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Kasulu kukata mkonge, akiwa manamba, kwa mkataba. Mkataba ulipokwisha wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki. Nyumbani hakuna aliyejua sababu, na mwenyewe amekwisha fariki. Mimi nimekulia katikati ya mkonge. Harufu ya maji machafu ya korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge kupata nyuzi, naijua, majina ya mashamba nayajua. Lakini kilichomfanya kijana amwache mama yake Kasulu asirudi hata kumzika, hicho sikukijua. Swali hilo ndilo lililonibeba mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu hata siku nilizochoka bado nilitaka kujua. Kama jibu la hadithi yako unalo mkononi kabla hujaanza, utaichoka mapema.

Ukishapata swali, soma historia ya mahali pako, hata kama unaandika habari za mapenzi matupu. Nilisoma kwamba mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani, kwa kupitia Hamburg, na kwamba kati ya miche elfu moja iliyoanza safari ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Miche 62! Ndiyo iliyokuja kuzaa mashamba ya mkoa mzima, yakamvuta babu yangu kutoka upande wa pili wa nchi. Namba hiyo nimeiandika ndani ya jalada la daftari. Haimo popote kwenye riwaya, ila kila nikifungua daftari inanikumbusha ukubwa wa jambo ninaloliandika.

Tarehe nyingine zilinisaidia moja kwa moja. Bei ya mkonge ilipanda sana wakati wa vita vya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo Yohana, kijana wa riwaya yangu, nikamleta Tanga mwaka 1951, wenye mashamba wakitafuta watu kwa udi na uvumba. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Nilipoiona tarehe hiyo nikajua riwaya itaishia wapi.

Namna ya kuuliza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utajiri.

Usimwendee mzee na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Nenda na sukari au sabuni, mwamkie, kaa, msaidie anachofanya. Halafu jiepushe na maswali makubwa. Ukimwuliza "maisha ya manamba yalikuwaje?" atakujibu "yalikuwa magumu, mjukuu wangu," na mazungumzo yameishia hapo. Uliza vitu vinavyoshikika.

Kuna mzee mmoja upande wa Ngomeni aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nilimkuta kibarazani anasokota kamba ya katani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si yule wa sindano?"

"Ndiye mimi. Babu, nataka unionyeshe, jani la mkonge mlikuwa mnalikataje?"

Akaiweka kamba chini. Akaninyooshea mkono wa kushoto, vidole vimekunjwa kama vimeshika jani, mkono wa kulia ukapita chini kwa mkato mmoja. Kisha mkono ule wa kulia ukapanda, ukakata tena hewani pale ambapo ncha ya jani ingekuwa. "Mwiba huo," akasema. "Ukiusahau, unamtoboa mwenzio jicho." Akaendelea kukata, mdomo ukihesabu polepole, na alipofika thelathini akakusanya mzigo usiokuwepo, akauzungushia kamba isiyokuwepo, akaukaza kwa goti. Goti lile halikunyooka tena mpaka nilipomshika mkono kumwinua.

Sura ya tatu nzima ya riwaya yangu imetoka kwenye goti hilo. Hakuna kitabu kingenipa.

Kama mzee ameridhia, rekodi kwa simu. Lakini siku hiyo hiyo, kabla hujalala, andika yale ambayo simu haikuyasikia: mikono ilifanya nini, alinyamaza wapi, jina gani alilitaja halafu akabadilisha mazungumzo. Hapo aliponyamaza hasa ndipo pa kuandikia. Na ukiahidi kurudi, rudi. Wazee wetu wamezoea watu wanaochukua habari wakapotea.

Kurasa za "Sijui"

Mimi naandikia kwenye kaunta buku, ile ya kwaya tatu. Umeme ukikatika, daftari haijali. Kurasa za mwisho nimezitenga kwa jambo moja: kila ninapokwama naandika hapo sentensi inayoanza na "sijui". Sijui king'ora cha shamba kililia saa ngapi. Sijui mwanamke wa Kibondei angemwitaje mgeni kutoka bara. Sijui Yohana akiamka usiku anamwogopa nani.

Baada ya siku chache utaona kwamba maswali hayo yana makundi. Mengine yanajibiwa na watu. Mengine yanajibiwa na maktaba, au na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, ukipata nafasi ya kwenda. Yanabaki yale ya moyoni, kama hilo la Yohana na usiku, ambayo hakuna wa kumwuliza. Hayo nayajibu kwa kumwandikia mhusika barua ya kwenda kwa mama yake. Barua yenyewe si lazima iingie kitabuni. Mtu akimwandikia mama yake kuna mambo atayaficha, na ukijua anachoficha umeshamjua.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi kurasa hizi zinavyofanya kazi. Sura ya saba ilinigomea muda mrefu. Yohana amelipwa, anataka kupeleka hela nyumbani. Nilijaribu kuandika kwamba amezituma zikafika, mama akashukuru. Ukurasa ukawa hauna uhai. Nikajaribu kumfanya azinywee pombe. Lakini Yohana si mtu wa hivyo, na msomaji angejua kwamba namsingizia. Nikaacha kujaribu, nikaandika: sijui hela zilikwendaje Kasulu. Nikaenda Ngomeni.

"Babu, hela za nyumbani mlikuwa mnazipelekaje?"

"Unampa mwenzio aliyemaliza mkataba anayerudi kwao. Kijiji kimoja, au cha jirani. Unamwamini tu."

Nilimuaga nikatembea haraka, naogopa maneno yale yasinitoke kabla sijafika nyumbani. Unamwamini tu. Basi Yohana anampa rafiki yake akiba yote ya mkataba wake, rafiki anaondoka, hela hazifiki, na hakuna anayejua kama amezila au amefia njiani. Yohana atarudije kwa mama yake mikono mitupu, na atamwelezaje mama wa rafiki yake? Sura zote zilizobaki zimetoka kwenye jibu la mzee yule. Ilivyokuwa kwa babu yangu siwezi kusema. Kwa Yohana ndivyo ilivyokuwa, na kwa riwaya inatosha.

Kuendelea

Kuhusu muda sina mengi. Anayesubiri kustaafu ndipo aandike, nampa mfano wa mtu wa mkoa wetu: Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali karibu miaka yote aliyotuandikia, na miaka mingi alikuwa forodhani. Mimi nikitoka zamu ya usiku naoga, nakunywa chai, naandika kabla usingizi haujanishika. Nikiwa zamu ya asubuhi naandika jioni, meza moja na watoto wanaofanya kazi zao za shule. Wameshazoea. Na zipo siku mgonjwa amefariki mikononi mwangu; siku hizo siandiki sura. Nafungua kurasa za "sijui", naongeza mstari mmoja, nalala. Mstari mmoja unatosha kuifanya hadithi ijue kwamba bado upo.

Unapoacha kwa siku hiyo, acha ukiwa bado unajua kinachofuata. Mimi huiacha sentensi ya mwisho nusu, hata kama naweza kuimalizia. Kesho nikikaa, kazi ya kwanza ni kuimalizia tu, na mkono ukishaanza kutembea unaendelea wenyewe. Jambo hili limenisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa kuhusu nidhamu.

Penye hatari kubwa ni katikati. Mwanzo una hamu, mwisho una haraka, katikati hakuna kinachokusukuma, na hapo ndipo watu hurudi kupamba sura ya kwanza. Wanaipamba mwaka mzima. Nakusihi usirudi nyuma. Ukikumbuka kitu cha kurekebisha sura ya pili, kiandike pembeni uendelee mbele kana kwamba umesharekebisha.

Kinachoamsha katikati ni kuwakutanisha watu wawili wanaokwepana, mahali ambapo hawawezi kuondoka. Kaka wa yule rafiki aliyepotea na hela nilimleta shambani kufanya kazi kwenye korona, zamu moja na Yohana. Nikawa na tatizo: ugomvi wao ulisikika kama watu walioketi sebuleni. Nikamfuata mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ile. Akacheka. "Korona ikilia unamsikia nani? Tulikuwa tunaonyeshana vidole." Basi wanagombana kwa vidole, majani yanapita kati yao kwenda kusagwa, hakuna anayeweza kuacha sehemu yake, na wenzao wote wanaona bila kusikia. Niliandika sura ile kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, baada ya majuma ya kuburura miguu.

Kuna jambo lingine linaloua hamu, nalo ni kusimulia. Usiisimulie riwaya yako yote kwa mashoga zako au kijiweni. Watasema "aisee, nzuri," moyo utaridhika, na ukirudi kwenye daftari utakuta hamu imekwishia mdomoni. Waambie unaandika habari za mkonge, basi. Watakaojua zaidi ni wale unaowauliza, na wao wasimulie zaidi yako.

Ukimaliza rasimu

Iweke kando hata mwezi, kisha isome kwa sauti kutoka mwanzo. Masikio yatakamata yale ambayo macho yamezoea: watu wawili wenye sauti moja, Muha wa Kasulu anayeongea kama mtu aliyezaliwa Pangani, aya ambayo umeiandika ili kujionyesha. Fanya masahihisho, halafu mtafute msomaji mmoja anayesoma kweli, umwombe akwambie jambo moja tu: wapi alichoka. Usimwombe akusifu wala akufundishe kuandika.

Kama unahitaji tarehe ya kukubana, zipo tuzo mbili zinazopokea miswada ya riwaya za Kiswahili ambayo haijachapishwa. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kwa makini, hasa urefu wa mswada na siku ya mwisho, kisha ubandike tarehe hiyo ukutani juu ya meza yako.

Kama hujui kuchapa, utaupeleka mswada steshenari. Usiuache pale ukaondoka. Kaa pembeni ya anayechapa, mgeuzie kurasa, msomee pale mwandiko wako unapomshinda. Yeye ndiye msomaji wako wa kwanza ambaye hakukuomba asome, na kazi yake ni kumaliza upesi aanze nyingine. Kwa hiyo tazama mahali anapoacha kuchapa akakugeukia: "Dada, huyu rafiki yake alifika Kasulu kweli?" Weka alama ya nyota pembeni ya mstari huo, ili ukienda kupunguza maneno usiuguse, na umwambie aendelee kuchapa.