Punda aitwe mwisho: namna ya kumtoa mtalaka wako nyumbani

Mimi kazi yangu ni punda. Ninao watatu, na kwa miaka kumi na tisa nimebeba mawe, mchanga, simiti, na vitu vya waume walioachana na wake zao. Hapa Lamu gari haliingii mitaani. Vichochoro vingine punda wawili wakikutana, mmoja sharti arudi nyuma. Kwa hivyo anayehama hupita mikononi mwangu au mwa mwenzangu. Na kwa kuwa ada yetu ni baba kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa, mume ndiye huingia kwa mke. Ndoa ikivunjika, mume ndiye wa kutoka. Hapo kwenye kutoka ndipo penye kazi.

Simu hunijia hivi: "Kaka, njoo na punda saa hizi, nataka huyu mtu aondoke leo leo." Mimi huuliza: mwenyewe yupo? Amekubali? Kuna karatasi? Kimya. Basi siendi. Punda ndiye wa mwisho kuitwa, na najua kwa sababu siku moja nilikwenda mbio nikajuta.

Lakini kwanza hili. Kama anakupiga au anakutishia, yote nitakayoyasema huko mbele yaache. Piga 1195, ni bure. Au nenda kituo cha polisi ukaulizie dawati la jinsia, na kama umeumia, pitia hospitali upimwe na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inaipa mahakama nguvu ya kumwamuru mtu atoke kwenye nyumba mnayokaa, hata nyumba ikiwa yake, hata mkiwa mmeshaachana. Hapo hapana kikao cha wazee. Nimewaona wazee wakipatanisha kwa kahawa na halua mwanamke ambaye jicho lake lilikuwa bado limevimba. Kabla ya wiki kwisha yalikuwa yamevimba yote mawili.

Kama hakuna mkono ulioinuliwa, ila ni mtu tu amekaa na haondoki, twende pamoja.

Nitasema kwa mfano wa dadangu, maana kwake ndiko nilikojifunza. Nyumba iko Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, aliirithi kwa mama. Mumewe, mtu wa Faza kisiwani Pate, alimwacha kwa mdomo mwezi wa Shaabani, mbele ya watu wawili. Asubuhi yake akakaa dakani, barazani pa mlango, akinywa kahawa kama kawaida, akasalimiana na wapita njia, akauliza chakula cha mchana ni nini. Akaendelea hivyo miezi saba.

Kosa la kwanza lilikuwa letu sisi: hatukuwa na cheti. Talaka ya mdomo ni talaka mbele ya Mungu, lakini mbele ya polisi ni maneno. Nenda kwa Kadhi (Lamu yuko, Malindi yuko), peleka mashahidi, talaka iandikwe na cheti kitolewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mume au mke hatolewi kwenye nyumba ya ndoa maadamu ndoa ipo, ila kwa amri ya mahakama. Sasa huna cheti, unaita ndugu zako wamtoe, yeye anasema "huyu ni mke wangu". Mkosa ni nani hapo?

Na hesabu ya eda, muda wa kungoja wa mwanamke aliyeachwa, ijulikane, tarehe kwa tarehe. Enyi wanaume, hapa nasema nanyi. Kama nyumba ni yako na umemwacha mke talaka ya rejea, ile unayoweza kumrudia ndani ya eda, humtoi eda ikiwa haijesha. Aya ya kwanza ya Suratu Talaq iko wazi: msiwatoe katika nyumba zao. Bwana mmoja wa Langoni aliniita nimbebee mkewe vitu, wiki ya pili ya eda. Niliposikia hivyo niliwageuza punda mlangoni pake. Alinitukana mpaka nilipokata kona. Nyumba ikiwa ya mwanamke, mambo hugeuka: yeye hukaa eda yake kwake, na mume ndiye atafute pa kulala, kwani sisi wa madhehebu ya Shafi huambiwa kuwa aliyeachwa, hata kwa rejea, si halali kukaa naye faragha. Lakini undani wa haya muulize Kadhi. Mimi ni mtu wa punda.

Baada ya cheti, toa karatasi za nyumba. Hati, au uamuzi wa mirathi, au waraka wa wakfu kama nyumba ni ya wakfu. Kama mmepanga, tazama mkataba una jina la nani, kisha kaa na mwenye nyumba. Ikiwa jina ni lake yeye, ni rahisi zaidi uhame wewe, hata kama inauma.

Sasa jambo ambalo watu hawataki kulisikia: alitia nini katika nyumba hiyo?

Shemeji alipoambiwa atoke, alijibu neno moja: "Paa." Na kweli. Paa la yuu lilipooza, yeye ndiye aliyenunua boriti na kumlipa fundi, na tangi la maji alilinunua yeye. Mimi nilisema hana haki, nyumba ni ya mama yetu. Nilikuwa nimekosea. Sheria ile ile ya 2013 inasema nyumba uliyoirithi kabla ya kuoana si mali ya ndoa, lakini mwenzako akichangia kuitengeneza, ana fungu lake kwa kadiri ya alichotia. Pia inamruhusu Mwislamu ahukumiwe kwa sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Njia yoyote utakayoshika, suala la paa litaulizwa. Afadhali uliulize wewe kwanza.

Dada akateremsha kopo la biskuti lililokuwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, limejaa risiti. Tulikaa msana wa chini, ukumbi ule mrefu, mimi, yeye, shemeji na ami yake, tukazipanga juu ya mkeka. Za boriti zilikuwepo. Ya tangi ilikuwepo, wino umefifia mpaka ikabidi tuishike kwenye mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Za fundi hazikuwepo, shemeji akataja bei, dada akacheka, ami akakata katikati. Tangi akasema atalichukua. Dada akakubali kulipa fedha za paa kwa miezi minne. Mimi nikakasirika, nikamvuta kando. "Wamlipa mtu aliyekuacha?" Akanijibu, "Wewe wataka ushindi. Mimi nataka sabule yangu."

Sabule. Nilisahau kusema. Miezi ile dada alimhamishia shemeji sabule, chumba cha wageni cha yuu chenye ngazi yake. Ufunguo wake, mlango wake, hapiti ndani. Ukiwa na chumba cha namna hiyo kitumie mara moja, siku ile ile ya talaka. Kama huna, mmoja alale kwa jamaa, na watoto wajue nani analala wapi, wasibahatishe. Chakula usimpikie. Tokeni za stima usimnunulie. Lakini maji usimfungie, na kufuli usibadilishe wakati vitu vyake bado vi ndani. Ukifanya hivyo utampa kesi ambayo hakuwa nayo.

Mazungumzo ya kutoka asiyaanze ndugu yako wa kiume. Nasema nikiwa ndugu wa kiume. Mimi nilijaribu, tukaishia kukumbushana deni la mashine ya boti la miaka kumi nyuma. Mtume mtu wa upande wake anayemwonea haya: ami, mjomba, mwalimu aliyemsomesha. Siku za Maulidi usianze neno hili, nyumba zimejaa wageni na kila mtu atakuwa na rai. Ami alikwenda baada ya Isha, akakaa naye dakani, na hakumuuliza "utatoka lini?" Alimuuliza, "Wenda wapi?" Kumbe hapo ndipo lilipokwama. Shemeji alikuwa haoni haya kukaa. Alikuwa anaona haya kurudi Faza na mkoba kama kijana aliyefeli mtihani. Ami akamwambia chumba cha nyuma kwake kiko wazi. Miezi saba ya ugomvi, na kilichotakikana kilikuwa chumba.

Kisha tarehe. "Mwisho wa mwezi" si tarehe. Kwetu hata tarehe pekee haitoshi, sharti uangalie na maji. Boti za Faza hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakitoka hapapitiki. Tulimuuliza nahodha, akataja siku na saa maji yatakapokuwa yamejaa, tukarudi nyuma kutoka hapo: boti saa tatu asubuhi, punda mlangoni saa kumi na mbili na nusu. Mtu akishajua boti yake ni ipi, mambo ya "nitaona kesho" hupungua.

Hayo yote yaandikwe. Barua ya dada ilikuwa fupi:

"Kufuatia talaka iliyosajiliwa kwa Kadhi tarehe fulani, na makubaliano yetu mbele ya ami yako, utaondoka katika nyumba yangu ya Mkomani tarehe fulani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pamoja na vitu vilivyo katika orodha. Fedha za paa nitakulipa kama tulivyoandikiana. Ufunguo utampa ami siku hiyo."

Nakala mbili, sahihi za wote wawili, mashahidi wawili. Moja tulimpelekea chifu aiweke, ili asije akasikia upande mmoja baadaye.

Akikataa katakata? Basi ni notisi na mahakama. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka anayekaa kwenye ardhi ya mtu bila idhini apewe notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Iandike, ithibitishwe kuwa ameipokea, na umtafute wakili. FIDA, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo. Amri ikitoka, itekelezwe na watu wa mahakama. Si ndugu zako, na si mimi.

Sasa ile siku niliyojuta. Mama mmoja, jina lake halihusu, aliniita saa nne asubuhi, mtalaka wake yuko Mokowe, ng'ambo ya bara, kikazi. Tukatia nguo kwenye magunia, magunia kwenye shogi, mifuko ya mzigo ya punda, godoro nikabeba kichwani, tukavimwaga vitu kwa dada yake yule bwana. Jioni akarudi. Akasema kulikuwa na saa ya mkononi mfukoni mwa kanzu, na sasa haipo. Sikuiona hiyo saa mpaka leo. Nilishinda kituoni siku mbili nikieleza, na punda wangu Kipusa alikaa muda wote huo kwa jirani akila makaratasi. Mwishowe yule mama alilipa nusu ya saa na mimi nusu, ili yaishe.

Kwa hivyo siku ya kuhama mwenyewe awepo. Akishindwa, amtume mtu kwa jina, iandikwe. Usiku wa kuamkia, pitieni orodha chumba kwa chumba na mpige picha kwa simu. Vitu vidogo vya thamani, pasipoti, kitambulisho, vyeti vya shule, saa, simu ya zamani, vitiwe kwenye mkoba mmoja na mkoba aubebe mwenyewe mkononi. Huo hauingii kwenye shogi abadani. Nguo kwenye masanduku, si magunia. Gunia humtia mtu unyonge mbele za watu, na mnyonge hutafuta ugomvi. Friji si ya punda, ni watu wawili na mpiko, mti wa kubebea begani, na upime ngazi kabla. Tangi lifunguliwe siku moja kabla likauke, na uwe na mapipa ya maji ya kutosha, maana dada hakuwa nayo, akaoga kwa jirani siku tatu.

Tokeni mapema, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ukiwa bado haujajaa. Watoto wapelekwe kwa bibi yao usiku ule, na waambiwe ukweli: baba anahamia Faza, Ijumaa fulani atakuja. Shemeji alitoka na mkoba mkononi. Mlangoni akasimama, akagusa mwimo wa mlango, akampa ami ufunguo. Dada alikuwa jikoni, hakutoka. Mimi niliangalia miguu ya punda.

Kufuli tulibadilisha mchana huo huo, vitu vyote vikiwa vimeshatoka na sahihi zimeshawekwa. Wiki mbili baadaye shemeji akapiga simu, jarife lake, wavu wa kuvulia, limesahaulika darini. Halikuwa kwenye orodha. Dada akalikunja, akaliweka dakani, akalipiga picha, mtoto wa ami akaja kulichukua na kutia sahihi kwenye kijikaratasi. Fedha za paa zilimalizika mwezi wa tano, si wa nne.

Ukinipigia, niambie ghorofa ngapi, ngazi ni nyembamba kiasi gani, na boti ni saa ngapi. Na karatasi nitaiomba kabla sijafungua shogi.