Dozi ya isotretinoini inaanzia kwenye mizani

Nauza dawa Kadutu, hapa Bukavu. Wenye chunusi kali, zile za ndani zinazouma na kuacha makovu, wengi hunijia na pakiti tupu ya mtu mwingine: "Mama, nipe kama hii, ilimponya binamu yangu." Mwanangu, binamu ana kilo zake na wewe una zako. Dawa hii, isotretinoini, ni kapsuli za chunusi kali; anaiandika muganga, yaani daktari, na mimi nasimamia hesabu yake.

Kabla ya hesabu natazama mikono. Uso ukiwa mweupe na viungo vya vidole vikabaki vyeusi, nauliza mafuta unayopaka. Yale ya kung'arisha yenye klobetasoli, steroidi kali ya ngozi, huleta chunusi yenyewe, na hapo muganga ana kazi nyingine kabla ya kufikiria kapsuli.

Haya, panda mizani, viatu pembeni. Kwa kawaida muganga huanza na nusu miligramu kwa kila kilo kwa siku, kisha hupandisha hadi miligramu 1 mwili ukivumilia. Mwenye kilo 60 ataanza na miligramu 30, baadaye 60. Kwa chunusi mbaya sana wengine huanza chini zaidi, kwa sababu wiki za mwanzo uso unaweza kuchachamaa kabla ya kutulia. Ukiona hivyo, usijiongezee.

Kinachosahaulika ni jumla ya matibabu yote: miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Kwa kilo 60 ni 7,200 hadi 9,000. Ukimeza 30 kila siku, 7,200 inatimia siku ya 240. Ukimeza 60, siku ya 120. Anayeacha mapema kwa kuwa uso umeanza kutakata, mara nyingi chunusi humrudia. Andika jumla yako nyuma ya karatasi ya muganga, na kila mwezi upunguze humo miligramu ulizokwisha kumeza.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta, siyo chai kavu ya asubuhi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga zinafaa, maharage ya mawese yanafaa, hata parachichi. Tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya dawa inapita bure, na hesabu yote ile inakuwa ya uongo. Midomo itakauka tu. Nunua vazelini mapema.

Damu ipimwe kabla ya kuanza na tena ukiwa kwenye dawa: ini na mafuta ya damu.

Kwa wanawake sina utani. Dawa hii huharibu mtoto tumboni, hata ikimezwa kwa muda mfupi. Kipimo cha mimba kabla ya kuanza na kila mwezi, na uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia mwezi 1 kabla hadi mwezi 1 baada ya kapsuli ya mwisho. Zikibaki, usimgawie dada yako. Na muda huohuo, mwanamke au mwanaume, usitoe damu: huenda atakayeipokea ana mimba.

Doksisiklini, antibiotiki, iko kila duka la dawa na huandikwa kwa magonjwa mengi, kwa hiyo ukienda kutibiwa kitu kingine, sema unameza isotretinoini. Zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Vidonge vya vitamini A navyo viache. Kichwa kikiuma bila kukoma, ukitapika au macho yakianza kuona ukungu, acha kapsuli na uende kwa muganga siku hiyohiyo.