Rangi ya chasisi ya gari la porini: ipi ya kuchagua

Kabla hujaenda dukani, ingia chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikia na kwenye maungio yaliyochomelewa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, kama unagonga ubao mbovu. Hapo sukuma bisibisi. Ikizama, habari ya rangi iache kwanza, mtafute fundi wa kuchomelea.

Wateja huniuliza rangi ipi ni ngumu kuliko zote. Chini ya gari linalopita kwenye mawe, kila rangi itachubuka, iwe ya bei yoyote. Mimi hujiuliza mawili: ikichubuka, kutu itatambaa mpaka wapi chini yake? Na nitaweza kuiweka kiraka nikiwa nimelala chali, nina brashi na kipande cha msasa tu?

Kwa kipimo hicho, rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri siipendekezi kwa chasisi. Huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi, na ikitoka inapendeza kweli. Kwa bampa au ngazi ya pembeni, sawa. Lakini ili uoke chasisi ni lazima uvue gari lote, na jiwe likishaitoboa, maji hupenya chini ya ngozi yake na kuendelea na kazi bila wewe kuona. Kiraka chake nacho hakishiki vizuri.

Ile ya lami au mpira ndiyo nina ugomvi nayo hasa. Ikiwa mpya inazima kelele za kokoto. Ikizeeka hukauka na kupasuka, maji ya matope yanaingia nyuma yake na hayana pa kutokea. Niliwahi kubandua ganda la namna hiyo kwenye chasisi iliyoonekana nyeusi, safi, ya kujivunia. Lilitoka kipande kizima, upande wa ndani umejaa magamba ya kutu mapana kama ukucha, na chuma kilichobaki kilikunjika kwa koleo.

Chaguo langu ni praima (rangi ya kwanza inayogusa chuma) ya epoksi ya makopo mawili, yaani rangi na harda yake, ile dawa unayoichanganya nayo ili igande, halafu juu enameli nyeusi ya chasisi, ambayo ni rangi ya kumalizia. Epoksi hushika chuma kitupu vizuri na kuzuia unyevu. Udhaifu wake ni jua, hugeuka unga mweupe, ndiyo maana unaifunika. Enameli si ngumu kupita zote, ila kiraka chake ni kazi ya dakika chache. Chukua praima ya kijivu: nyeusi ikilika, kijivu kitakuonyesha mapema, kabla kutu haijaanza. Na chukua enameli inayong'aa, maana matope hung'ang'ania rangi iliyofifia.

Praima yenye zinki nyingi ni nzuri pia, lakini kwa chuma kilichopigwa mchanga, yaani kilichosafishwa kwa kurushiwa mchanga kwa mashine ya upepo, kikabaki kitupu. Zinki hulinda chuma kwa kukigusa, ikajitoa kuliwa yenyewe kwanza. Ukiipaka juu ya kutu au juu ya dawa ya kutu umetupa pesa. Kuna pia rangi zinazokauka kwa unyevu wa hewa. Hizo hutaka chuma chenye mikwaruzo, hata kutu kidogo iliyoshika sana. Kwenye chuma laini hubanduka vipande vipande. Futa mdomo wa kopo kabla hujalifunga, la sivyo hulifungui tena.

Sasa maandalizi, ambako kazi nyingi huharibikia. Osha, acha ikauke, kisha toa grisi na oili kabla ya kugusa brashi ya waya, kwa sababu brashi huisambaza grisi hadi pale ambapo haikuwepo. Brashi ya waya ya grainda ina hila: hung'arisha kutu ikaonekana kama chuma. Rangi ya kahawia inayong'aa bado ni kutu. Pitisha msasa namba 80. Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi itumie kwenye vishimo tu, na mabaki yake yaondoe kama kopo linavyoelekeza, kwani epoksi haipatani na asidi. Chuma kilichopigwa mchanga kipakwe siku hiyohiyo.

Anza na brashi kwenye kingo, vichwa vya boliti na mistari ya kuchomelea, kwa sababu rangi hukimbia kingo kali inapokauka. Ndipo upake kote, matabaka mawili mepesi. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, la sivyo unapaka juu ya maji usiyoyaona. Ukipitwa na muda wa kupaka tabaka la pili ulioandikwa kwenye kopo, kwaruza kwanza. Kama badala ya enameli umechagua rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, usiipulize ukiwa na barakoa ya karatasi: harda yake ina kemikali iitwayo isosaineti, inadhuru mapafu. Paka kwa brashi mahali penye hewa.

Ziba kwa tepu bushi za mpira, meno ya propela shafti, diski za breki, tundu la kupumulia la difu (sanduku la gia kwenye ekseli), sehemu inayofungwa waya wa ethi unaorudisha umeme wa betri kwenye chasisi, na namba ya chasisi. Karibu na bomba la moshi tumia rangi ya kuhimili joto; epoksi ya kawaida itaungua.

Halafu ndani ya chasisi, ambako brashi haifiki na kutu nyingi huanzia. Pulizia nta ya mashimo, ile nta ya kuzuia kutu ndani ya chuma chenye uwazi, kwa mpira mrefu wenye kinyunyizio kichwani, ukiuvuta nje polepole. Nta ikiacha kudondoka, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji uhakikishe liko wazi.