Huna litmasi? Chukua choya

Kama una mtoto wa sekondari anayekariri asidi na besi bila kuziona, jaribuni hili nyumbani. Loweka konzi moja ya choya kavu, ile ile ya juisi, kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 10, kisha chuja. Kipimo ndicho hicho, badala ya litmasi, ile karatasi ya maabara inayobadili rangi kwenye asidi au besi.

Tia matone machache kwenye maji ya limau, ambayo ni asidi: yanakuwa mekundu. Tia kwenye maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo ni besi, yaani kinyume cha asidi: yanageuka kijani papo hapo, na mtoto hatasahau. Rangi hiyo ni ya anthosayanini, rangi ya asili iliyomo kwenye choya, ambayo molekuli zake hubadilika umbo kadiri asidi inavyopungua.

Kinachowakosesha wengi ni hiki: choya yenyewe ina asidi. Ukimimina nyingi, itaizima besi dhaifu na utapata jibu la uongo. Matone 3 hadi 5 kwa vijiko viwili vya unachopima yanatosha.

Hapo hapo mweleze alkali, maana vitabu huipita haraka mno. Alkali ni besi inayoyeyuka kwenye maji. Dawa nyeupe ya kiungulia yenye magnesiamu hidroksidi ni besi, ila huyeyuka kidogo sana; ndiyo maana hutuama chini ya chupa na unaambiwa utikise kwanza.

Maji ya betri na dawa za kusafishia choo msizipime kabisa. Zinaunguza ngozi na macho.