Familia nzima kwenda Ulaya mara ya kwanza na pointi za ndege: anzia pasipoti ya mtoto mdogo

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayefuata mzigo Guangzhou au Istanbul mara mbili tatu kwa mwaka, nenda kamuulize sasa hivi, namba yako ya uanachama wa shirika la ndege ni ipi? Akikutolea macho kama umemuuliza jina la bibi wa bibi yake basi mko palepale tulipokuwa sisi. Baba watoto alienda China mara saba, kila akirudi bodingi pasi ziko mfukoni, mimi nazitupa nikitaka kufua suruali, na hakuna safari hata moja iliyoingiza pointi, yaani zile shirika linazokupa kila ukiruka ukaja kuzitumia kupata tiketi, kwa sababu hakuwahi kujiunga, wakati kujiunga ni bure na unamaliza kwenye simu maji ya chai hayajachemka. Nilipoanza kufuatilia nikaambiwa wanarudi nyuma miezi 6 tu. Katika safari saba tukaokoa mbili, roho iliniuma jamani acha tu.

Tangu siku hiyo nikawa mimi ndo mtunza pointi wa nyumba, na baada ya muda zikafika za kutosha kufikiria safari ya wote, yaani mimi, mzee na watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 4, kwenda kwa dada'ngu Den Haag, Uholanzi, wiki mbili. Nawaandikia nilivyopanga, wewe kama unaenda Ujerumani au Ufaransa badilisha mji tu, mambo mengi ya viza ni yaleyale.

Sasa kosa ambalo wengi tunafanya ni kuanzia kwenye pointi. Unakaa usiku unatafuta ndege, unafurahi, kumbe yule mdogo hana hata pasipoti. Pointi ni za mwisho, anzia makaratasi.

Pasipoti ya Tanzania ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa kichwa, kwa hiyo watu watano ni laki saba na nusu kabla hujagusa kitu kingine. Fomu unajaza mtandaoni Uhamiaji, mkubwa anatakiwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mtoto anatakiwa na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Hapo kwenye cheti ndo kwenye kazi. Weka vyeti vyote mezani usome majina herufi kwa herufi, maana sisi tunajijua, mtoto wa kwanza kaandikwa majina matatu, wa pili mawili, wa tatu jina la babu limeandikwa na H ambayo kwa wenzake haipo. Rekebisha sasa. Ukiacha jina likapinda kwenye pasipoti litapinda kwenye viza, litapinda kwenye tiketi, na kwenye akaunti ya pointi pia, kwa sababu shirika likiona jina la tiketi halilingani na la uanachama pointi haziingii. Akaunti fungua kwa majina yaleyale ya pasipoti, usiweke lile unaloitwa mtaani.

Tarehe. Watoto wetu wanafunga shule Juni na Desemba. Desemba sahau, bei inapaa na kule ni giza saa kumi na nusu jioni. Juni mwanzoni ni tamu kwa sababu shule za Uholanzi bado hazijafunga, wao likizo kubwa yao inaanza Julai, na wakishafunga wao viti vya pointi unavisikia kwa jirani. Kwa hiyo ukitaka Juni anza makaratasi Desemba au Januari.

Haya, viza. Uholanzi iko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, lakini usicheze na hizo 15 kwa sababu wana ruhusa ya kuvuta mpaka siku 45 wakitaka kukuchunguza zaidi. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mkubwa, na kwao kuanzia miaka 12 ni mkubwa, wa miaka 6 mpaka 11 ni 45, chini ya 6 bure. Kwetu ikawa 90 mara tatu maana wa miaka 14 analipa kama baba yake, jumlisha 45 ya wa kati, mdogo bure, jumla euro 315, na kituo kinachopokea maombi kina chake juu. Hela hiyo wakikunyima hairudi. Alama za vidole wanachukua kuanzia miaka 12, kwa hiyo wadogo wawili hawakuhusika, ila kila mmoja ana fomu yake na picha yake, usije ukajaza fomu moja ya familia ukadhani umemaliza.

Bima ya safari lazima, iwe ya angalau euro 30,000 na iseme inafanya kazi nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na miezi 3 mbele kuanzia siku mnayotoka kule, na kurasa mbili tupu. Na hela: Uholanzi wanahesabu euro 55 kwa mtu kwa siku. Piga, watu watano, siku 14, ni euro 3,850. Usishtuke ukafunga laptopu, kama una mwenyeji mwenye kipato anaweza kukudhamini, kuna fomu anajaza na saini yake inathibitishwa kwenye ofisi ya manispaa anayoishi. Dada'ngu alienda kufanya hivyo siku ya mapumziko yake ya kazi, akanitumia fomu halisi, siyo skani. Stetimenti ya benki isiwe imeingia milioni kumi jana yake, hao watu wameona stetimenti nyingi kuliko wewe. Sisi wa biashara weka leseni, TIN (namba ya mlipakodi), risiti za kodi, na barua za shule zinazosema watoto wanatakiwa kurudi darasani tarehe fulani. Kinachowasumbua pale ni kama mtarudi, kwa hiyo karatasi yoyote inayokurudisha nyumbani ni ya maana.

Na hapa sasa ndo pointi zinaingia, tena kwa mlango ambao sikuutegemea. Ubalozi unataka kuona mpango wa ndege lakini wenyewe wanakwambia usinunue tiketi kabla ya viza. Tiketi ya hela ya bei nafuu ukinunua viza ikakataliwa imekula kwako. Tiketi ya pointi mashirika mengi yanakuruhusu kufuta kwa ada fulani, pointi zinarudi kwenye akaunti na kodi uliyolipa inarudishwa. Soma masharti ya kufuta KABLA hujabonyeza, ada inatozwa kwa kila mtu na watu watano siyo mmoja, lakini kwa familia inayosubiri viza huo uhuru naona una thamani kuliko hata kusafiri nusu bei.

Kabla ya kutafuta viti kusanyeni pointi sehemu moja. Emirates wana akaunti ya familia inaingiza mpaka watu 8, Qatar mpaka 9, na kila mtu kabla hajasafiri awe na namba yake, hata watoto, maana mtoto mwenye kiti chake naye anaingiza. Usitawanye. Mwanzo mzee alikuwa na vijipointi huku vichache kule vichache, havinunui hata soda. Jua pia shirika lako liko kundi gani, maana mashirika ya kundi moja yanapokeleana pointi: Ethiopian na Turkish wako Star Alliance, Kenya Airways na KLM wako SkyTeam, Qatar na British Airways wako Oneworld, maana yake unaweza kuruka na Turkish ukaingiza pointi Ethiopian. Emirates hayuko kwenye kundi lolote kati ya hayo. Na angalia kufa kwa pointi, za Emirates zinaishi miaka 3 hivi kisha zinakufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, weka alamu kwenye simu. Zile makala za Wamarekani za kuchukua kadi ya mkopo upate pointi elfu themanini zipite tu, kwetu pointi zinatoka kwenye kuruka.

Kutafuta viti. Mimi usiku wa kwanza niliandika abiria 5, nikapewa hakuna ndege mwezi mzima. Usiku wa pili, na wa tatu, hakuna. Nikaanza kuamini pointi ni utapeli. Usiku wa nne nikaandika abiria 2, ndege zikamwagika. Ndo nikaelewa kwamba ukiandika 5 mfumo unakuonyesha ndege yenye viti vitano vya pointi kwa pamoja tu, yenye vinne inafichwa. Kwa hiyo tafuta mtu 1, halafu 2, halafu 3, andika kwenye daftari kila tarehe ina vingapi. Tukapata ndege yenye viti vitatu vya pointi, viwili tukapanga kulipa hela, ndege ileile. Ukigawanya hivyo mtoto asibaki kwenye bukingi peke yake, kila bukingi iwe na mkubwa, halafu piga simu uombe waziunganishe ili ndege ikibadilishwa ratiba wasiwatenganishe. Hiyo ya kugawanya inasaidia hata kwenye tiketi za hela tupu: ukitafuta watu 5 na viti vya bei ya chini vimebaki 3, wote watano mnapewa bei ya juu. Tafuta 3 kisha 2 ulinganishe.

Je, utumie pointi au ulipe hela? Kuna hesabu ndogo. Chukua bei ya hela, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa pointi wanazotaka. Tuseme tiketi ni 2,600,000, kodi na tozo 700,000, pointi 60,000. Inabaki 1,900,000, gawanya 60,000, kila pointi imekununulia kama shilingi 32. Siku nyingine tiketi ileile ni 1,700,000, kodi zilezile, inabaki milioni moja, pointi imekuwa shilingi 17 hivi. Siku hiyo ya pili lipa hela, pointi tunza. Na mtu asikudanganye kwamba tiketi ya pointi ni ya bure, hizo laki saba mara watu watatu ni milioni mbili na laki moja, ukifika mwisho wa kulipa bila kujua utakasirika na utamkasirikia mumeo bila sababu. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani ni habari nyingine, kwa tiketi ya hela kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya bei ya mkubwa, ila akitimiza miaka 2 katikati ya safari, kurudi atatakiwa na kiti.

Kuna mtego mmoja nauweka peke yake. Usiunge tiketi mbili zisizojuana. Mfano umepata pointi za kutoka Dubai kwenda Amsterdam tu, ukasema Dar mpaka Dubai nitanunua ya shirika lingine. Tiketi ikiwa moja mzigo unapita wenyewe na nyie mnabaki ndani ya uwanja. Zikiwa mbili unaweza kulazimika kutoka nje uchukue mabegi na kukaguliwa upya, na kutoka nje Mtanzania anatakiwa na viza ya kule. Watoto watatu, usiku wa manane, viza huna.

Mizigo sina mengi, mnajua wenyewe kufunga. Ila zawadi za dada chagua: nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, hata kama ni kidogo na mama kapika mwenyewe. Matunda yana mambo, embe linataka cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nazi, nanasi na tende vinaruhusiwa bila hicho cheti. Dada'ngu alikuwa ananililia embe dodo, nikamwambia atakula nanasi. Kingine kiulize kabla, usisubiri kuulizwa wewe Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Begi la mkononi liwe na nguo ya kubadili ya mdogo, dawa, na nakala za makaratasi yote uliyopeleka ubalozini, barua ya dada na bima juu kabisa, kwa sababu mwenye viza naye anaweza kuulizwa maswali mpakani. Pia tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kusajili wanaoingia, picha na vidole badala ya mhuri, foleni inaweza kuwa ndefu, mdogo apelekwe chooni kabla hamjaingia kwenye mstari. Kama mzazi mmoja haendi safari hiyo, mwenzake aandike barua ya ridhaa kwa ajili ya watoto.

Pale Terminal 3, uwanja wa ndege wa Dar, kabla ya kuachia mabegi mwonyeshe wa kaunta namba zenu za uanachama kwa wale mliolipiwa hela, ziandikwe kwenye tiketi. Za pointi haziingizi pointi, za hela zinaingiza. Bodingi pasi piga picha zote, za kwenda na kurudi, weka kwenye folda moja ya simu. Mkirudi subiri wiki mbili hivi, fungua akaunti ya kila mmoja, ya mtoto pia, kama hazijaingia omba mwenyewe kwa namba ya tiketi iliyo kwenye hiyo picha. Ya mwanangu wa kati haikuingia mpaka nilipoomba, na suruali za mzee siku hizi nakagua mifuko kwanza.