Kabla hujalaumu mita ya umeme ya LUKU, cheki mpira wa mlango wa friji
Wale mnaosema umeme unaisha haraka, chukua noti ya elfu moja, ibane kwenye mlango wa friji ukiufunga, afu ivute taratibu. Ikitoka kirahisi ujue mpira umechoka na baridi inavuja, hapo mashine inanguruma usiku kucha haipumziki na uniti zinakatika tu. Uoshe kwanza kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, saa nyingine ni uchafu tu, ukigoma ndo umwite fundi aubadilishe. Friji yenyewe isiegemee ukuta, joto la nyuma lipate pa kutokea. Na barafu ikijaa zima iyeyuke yenyewe, msikwangue na kisu jamani, ukitoboa bomba la gesi utajuta!