Jicho moja likizima ghafla, shingo nayo ipimwe

Jamani ukiona jicho moja limeingia giza ghafla kama pazia limeshushwa na wala haliumi, usikimbilie duka la miwani, nenda emajensi saa hiyohiyo, hata kama baada ya dakika 10 limerudi sawa (hapo ndo wengi wanalala nyumbani). Mshipa unaolisha jicho unachipuka kutoka kwenye ule mkubwa wa shingoni, sasa huko mafuta yakijazana kipande kinamegeka kinaziba jicho, kingine kesho kinapanda kwenye ubongo, kiharusi hicho. Waombe ultrasaundi ya mishipa ya shingo, wapime na moyo, presha, sukari. Na kama umevuka 50, kichwa kinauma na taya linauma ukitafuna, watajie hilo mapema, huenda chanzo ni kingine na matibabu yake ni tofauti.